Charles Dickens: Mtoto wa kubandika lebo aliyewafanya Waingereza wasubiri hadithi kila mwezi

Kama una ndoto ya kuandika riwaya, bila shaka kuna mtu ameshakuambia kwamba kwanza utafute digrii, kompyuta na chumba kisicho na kelele. Basi hebu leo nikusimulie habari za jamaa mmoja aliyeacha shule akiwa na miaka 15, aliyeandika kwa kalamu ya kuchovya kwenye wino, nyumba imejaa watoto, na bado akawa mwandishi aliyesomwa kuliko wote nchini mwake wakati wa uhai wake. Pengine jina lake umelisikia darasani ukadhani ni mambo ya wazungu wa kale yasiyokuhusu. Subiri kidogo.

Charles Dickens alizaliwa Februari 7, 1812 mjini Portsmouth, kusini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa pili katika familia ya watoto wanane. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi iliyolipa mishahara ya jeshi la majini. Mshahara haukuwa mbaya. Shida ni kwamba mzee alipenda raha, alikuwa na mdomo mtamu, aliwakirimu wageni, na pesa alizitumia kabla hazijafika mfukoni. Unamjua mtu wa aina hiyo. Kila mtaa una wake.

Charles alipokuwa na miaka mitano hivi familia ilihamia Chatham, mji wa bandari katika jimbo la Kent. Huko, katika chumba kidogo cha ghorofani, baba yake alikuwa ameweka vitabu vyake vichache, na hakuna mtu mwingine nyumbani aliyevigusa. Mtoto huyu, ambaye alikuwa mgonjwagonjwa na hakuweza kucheza sana na wenzake, alivigundua. Humo alimpata Robinson Crusoe, akampata Don Quixote, akampata Tom Jones, na akazikuta hekaya za Alfu Lela Ulela, zilezile ambazo huku kwetu pwani zimesimuliwa tangu zama za mababu. Hakuzisoma tu na kuzirudisha kwenye rafu. Aliishi ndani yake. Alikuwa akitembea nyumbani wiki nzima akijifanya yeye ndiye mhusika fulani, akipigana na maadui wasioonekana. Kila boma na kila kanisa la mtaani alilipa kazi katika hadithi aliyokuwa akiisoma.

Nakuomba ukumbuke chumba hicho, maana vitabu vile havikukaa.

Mwaka wa 1822 familia ilihamia London na mambo yakaenda mrama. Madeni yalifurika. Muuza mikate anadai, mwenye nyumba anadai, kila anayebisha mlango anadai. Vitu vya nyumbani vikaanza kuuzwa kimoja kimoja, na vilivyotangulia ni vitabu. Na unajua ni nani aliyetumwa kuvipeleka? Ni Charles mwenyewe. Mtoto yule alivibeba mikononi, kitabu kwa kitabu, hadi kwa muuzaji mmoja mlevi katika barabara ya Hampstead, akapewa senti chache na kurudi nyumbani. Rafiki zake wote wa Chatham wakaisha hivyo.

Februari mwaka wa 1824, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 12, umri wa mtoto anayemaliza gredi ya sita, alipelekwa kufanya kazi. Jamaa mmoja wa familia alikuwa akisimamia kiwanda cha rangi ya viatu kilichoitwa Warren's, ndani ya nyumba kuukuu iliyoelekea kuanguka kando ya mto Thames, panya wakikimbizana kwenye ngazi. Kazi yake ilikuwa hii: anachukua kichungu cha rangi, anakifunika kwa karatasi ya mafuta, halafu kwa karatasi ya buluu, anafunga uzi, anakata karatasi pembeni ili ipendeze, kisha anabandika lebo. Akimaliza hicho, anachukua kingine. Saa kumi kwa siku. Malipo ni shilingi sita au saba kwa wiki, na kwa pesa hizo alitakiwa kujilisha.

Siku chache baadaye baba yake akakamatwa. Deni lililomponza lilikuwa pauni 40 na shilingi 10. Enzi hizo Uingereza ilikuwa na gereza la wadeni: ukishindwa kulipa unafungwa, na ukishafungwa huwezi kutafuta pesa za kulipa. Ajabu ya sheria hiyo! John Dickens aliingizwa katika gereza la Marshalsea, na baada ya muda mama na watoto wadogo wakahamia humo pamoja naye, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kulala. Charles alibaki nje, akikodishiwa kitanda kwa watu, akienda kiwandani asubuhi na gerezani Jumapili.

Hapa kuna kisa kimoja ambacho mimi naona kinaeleza maisha yake yote yaliyofuata. Kiwandani palikuwa na mvulana mkubwa kidogo, yatima, aliyeitwa Bob Fagin. Huyu Bob alikuwa na moyo mzuri. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ubavuni, Bob akajaza maji moto kwenye chupa tupu za rangi na kumkandakanda nusu ya siku. Jioni akakataa kumwacha aende peke yake; alitaka kumfikisha kwao. Sasa kwao ni wapi? Ni gerezani. Charles aliona aibu kumwambia. Basi wakatembea, wakatembea, na walipokaribia daraja la Southwark akasimama mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua, akaagana na Bob mlangoni kana kwamba amefika. Na kwa sababu aliogopa Bob angegeuka kutazama, alibisha hodi kabisa. Mwanamke akafungua. Mtoto akamuuliza kama hapo ndipo anapoishi Bwana Robert Fagin.

Ona alivyofanya. Ametunga mahali, ametunga mlango, na alipohitaji jina la haraka akachukua la mtu aliye karibu. Miaka 13 baadaye alipoandika Oliver Twist alimpa jina hilohilo la Fagin mzee anayewafundisha chokoraa wa London kuiba mifukoni. Bob aliyemkanda kwa chupa za maji moto akaishia kuwa jina la mhalifu. Wataalamu wamebishana sana kuhusu jambo hilo. Mimi naona mtoto mwerevu, aliyeamini kwamba elimu yake imekwisha, alimwogopa Bob kwa sababu wema wake ulikuwa ukimvuta azoee pale.

Mzee John alitoka gerezani baada ya miezi mitatu hivi, na urithi kutoka kwa mamake mzazi ukamsaidia. Lakini Charles hakutolewa kiwandani siku hiyo. Aliendelea kubandika lebo kwa muda, tena sasa kiwanda kikiwa kimehamia mahali ambapo vijana waliwekwa dirishani ili wapita njia watazame wepesi wa mikono yao. Hatimaye baba aligombana na msimamizi na kumtoa. Mama akataka arudishwe. Hilo Charles hakulisahau kamwe, na sidhani kama alilisamehe.

Kuanzia hapo alifunga mdomo. Hakuwaambia watoto wake. Hakuwaambia wasomaji. Ni miaka zaidi ya 20 baadaye alipomweleza rafiki yake mkubwa John Forster, na Forster akayatoa katika kitabu cha maisha yake baada ya Dickens kufa. Watu walishtuka, familia yenyewe ikiwemo.

Alirudi shule kwa takriban miaka miwili, akaacha mwaka wa 1827, akawa karani mdogo katika ofisi ya mawakili. Kazi ilimchosha. Akasikia kwamba wanahabari wa bungeni wanalipwa vizuri, ila ni lazima ujue hatimkato, ile namna ya kuandika kwa alama fupifupi ili kunasa maneno ya mtu anayezungumza kwa kasi. Akanunua kitabu, akajifundisha mwenyewe usiku. Alipotimiza miaka 18 alijipatia kadi ya kusomea katika maktaba ya British Museum, na huko akawa anaziba mapengo ya shule. Maktaba ile, ukiniuliza, ndiyo iliyokuwa chuo chake kikuu.

Akawa mwanahabari hodari. Alikuwa akisafiri usiku kwa gari la farasi kutoka mikutano ya kampeni mikoani, akinakili hotuba juu ya kiganja cha mkono kwa mwanga wa taa, gari likirukaruka kwenye mashimo. Kazi hiyo ilimfunza vitu viwili ambavyo hutavipata katika kitabu chochote cha isimu: kusikia jinsi watu wa matabaka mbalimbali wanavyozungumza, na kumaliza kuandika kabla ya saa ya mwisho. Ukisoma riwaya zake utaona kila mhusika ana ulimi wake. Ukifuta majina bado utajua nani anaongea. Jaribu zoezi hilo na hadithi uliyoiandika wewe, uone.

Hadithi yake ya kwanza ilitoka Desemba 1833 katika jarida la Monthly Magazine. Aliidumbukiza katika sanduku la barua jioni, kwa woga, akaenda zake. Hawakumlipa hata senti. Alipoliona jarida na maneno yake yakiwa yamechapwa ndani, macho yalimlengalenga machozi hata akashindwa kutembea barabarani, akaingia katika ukumbi wa Westminster kujificha kwa nusu saa. Alikuwa na miaka 21. Akaendelea kuandika visa vya mitaani chini ya jina la Boz, lililotokana na jina la utani la mdogo wake, na mwaka wa 1836 visa hivyo vikakusanywa kuwa kitabu.

Mwaka huohuo wachapishaji Chapman na Hall walimtafuta kwa kazi ambayo haikuwa na heshima kubwa. Mchoraji maarufu, Robert Seymour, alitaka kuchora picha za kuchekesha za kikundi cha watu wapendao michezo, na alihitajika kijana wa kuandika maneno ya kuzisindikiza. Marafiki walimwonya Dickens kwamba vijitabu vya kila mwezi ni vitu vya bei rahisi na vitamharibia jina. Yeye alihitaji pesa, alikuwa anaoa. Akakubali, lakini akasisitiza kwamba maneno yatangulie na picha zifuate. Baada ya toleo la kwanza tu Seymour akajiua. Mauzo yalikuwa duni. Mradi ungekufa hapo, lakini Dickens akashawishi uendelee, akapatikana mchoraji mwingine kijana aliyejiita Phiz, na katika toleo la nne akaingizwa mtumishi mmoja mcheshi, mtoto wa mjini, aitwaye Sam Weller. Basi! Watu walipagawa. The Pickwick Papers ilianza na wasomaji mia kadhaa ikamaliza, Novemba 1837, ikiuza takriban nakala 40,000 kila mwezi.

Nataka ukae hapa kidogo, maana ndipo ulipo ufundi.

Kabla ya hapo riwaya ya Uingereza iliuzwa kwa kawaida ikiwa juzuu tatu, bei yake ikiwa juu kuliko mshahara wa wiki wa kibarua wengi. Dickens alikuja na sehemu ya kurasa 32 kila mwezi kwa shilingi moja. Wasio na shilingi walichanga. Wasiojua kusoma walimzunguka mmoja anayejua. Kwa hiyo hadithi zake zilisikika kama zilivyosomwa, na ndiyo sababu sentensi zake ukizisoma kwa sauti zinakaa vizuri mdomoni.

Watu hupenda kusema aliandika vitabu vinene kwa sababu alilipwa kwa idadi ya maneno. Si kweli. Alilipwa kwa toleo, na toleo lilikuwa na kurasa zilezile 32, zisipungue wala zisizidi. Akiandika nyingi, inabidi akate. Akiandika chache, mpiga chapa anamgongea mlango. Na kumbuka: toleo likishauzwa huwezi kulirekebisha. Ukimuua mhusika mwezi wa tatu, ukagundua mwezi wa tisa kwamba ulimhitaji, shauri yako.

Mwanzoni aliandika kwa kubahatisha, akitegemea kipaji. Kuanzia riwaya ya Dombey and Son, mwaka wa 1846, alibadilika. Kwa kila toleo alichukua karatasi, akaigawa katikati. Upande wa kulia aliandika sura na majina ya wahusika watakaotokea. Upande wa kushoto alijiuliza maswali. Je, fulani aingie sasa? Je, siri hii ifichuke? Kisha akarudi na kujijibu kwa neno moja au mawili: ndiyo, hapana, bado. Karatasi hizo nyingi zipo hadi leo na zimehifadhiwa. Ukiziangalia unaona kwamba ile taharuki inayokukosesha usingizi ilipangwa na mtu mtulivu mwenye karatasi. Wale wanaosema hadithi inajiandika yenyewe wakizione.

Alikuwa mezani asubuhi hadi saa nane mchana hivi, iwe maneno yanakuja au hayaji. Halafu anatoka kutembea, kilomita kwa kilomita, mara nyingine usiku kucha. Bintiye Mamie alisimulia kwamba aliwahi kuugua akaruhusiwa kulala kwenye kochi ndani ya chumba cha kazi cha babake. Akamwona anaandika, ghafla anaruka hadi kwenye kioo, anakunja uso, anapinda mdomo, anarudi mbio mezani, anaandika tena, anarudi kwenye kioo, ananong'ona maneno haraka haraka, anarudi. Hakujua kama mtoto yupo. Alikuwa anamtafuta mhusika kwenye uso wake mwenyewe.

Majina nayo aliyasaka kama mtu atafutaye viatu vya kumtosha. Aliweka daftari la majina. Kabla ya kuandika David Copperfield alijaribu majina mengi, na Forster alipomwonyesha kwamba herufi za mwanzo za jina hilo ni zake mwenyewe zikiwa zimegeuzwa, alishangaa, hakuwa amekusudia. Riwaya hiyo, iliyotoka kati ya 1849 na 1850, ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ndani yake kuna mtoto anayefanya kazi katika ghala akiosha chupa na kubandika lebo. Kuna pia Bwana Micawber, mzee mwenye mdomo mtamu na madeni tele, anayeishia gerezani. Wasomaji walicheka hadi machozi wakidhani amebuni. Jinsi alivyompenda Micawber huyo, unaweza kusema alimsamehe baba yake kwa kumwandika.

Lakini kuandika watu wa kweli kuna hatari zake, na Dickens alizijua kwa njia ngumu. Katika David Copperfield alimchora mwanamke mfupi sana wa kimo akimfanya mtu wa ovyo. Jirani yake mmoja aliyekuwa na maumbile hayo alijitambua, akamwandikia kwa uchungu kwamba amemwaibisha. Riwaya ilikuwa bado inatoka mwezi baada ya mwezi. Dickens aliomba radhi na kubadilisha mpango wake, na mhusika yule aliporudi tena akawa mtu mwema. Vivyo hivyo, miaka mingi baada ya Oliver Twist, mwanamke Myahudi aitwaye Eliza Davis alimwandikia kwamba Fagin, aliyetajwa kila mara kwa Uyahudi wake, alikuwa dhuluma kwa watu wake. Kwanza Dickens alijitetea. Baadaye toleo jipya lilipochapwa aliyafuta mengi ya maneno hayo, na katika Our Mutual Friend akamwingiza Myahudi muungwana.

Kwa sisi Waafrika hakufanya masahihisho kama hayo. Aliandika makala za dharau kuhusu watu aliowaita washenzi, na mwaka wa 1865, gavana wa Jamaica alipowaua mamia ya watu weusi kukomesha maasi ya Morant Bay, Dickens alikuwa upande wa gavana. Katika Bleak House kuna mama mmoja anayehangaikia mradi wa wenyeji wa mto Niger huku watoto wake wanajikwaa kwenye ngazi wakiwa wachafu. Kejeli yenyewe ni kali na inachekesha, lakini angalia kwamba Mwafrika hayumo. Yumo mzungu anayemwaza Mwafrika. Msome, ila ujue hilo.

Na bado hakuna aliyemtetea mtoto wa maskini katika riwaya kama yeye. Mwaka wa 1843 alisoma ripoti ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani, akatembelea shule ya watoto fukara mtaa wa Field Lane jijini London. Aliyoyaona yalimtibua. Akapanga kuandika kijitabu cha kuwatetea, chenye hoja na takwimu. Halafu akasita. Alihisi hadithi ingepiga kwa nguvu zaidi kuliko hoja. Kwa wiki sita akaandika A Christmas Carol, akilia na kucheka peke yake akitembea usiku. Kilitoka Desemba 19, na nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Faida yake ilikuwa ndogo mno kwa sababu alitaka kitabu chenye jalada zuri na picha za rangi, kisha kiuzwe shilingi tano tu. Wezi wa kazi za watu nao hawakuchelewa. Kampuni moja ilichapa toleo la wizi, akaishtaki, akashinda, kampuni ikafilisika, na Dickens akabaki na gharama za mahakama za takriban pauni 700. Ukilalamika leo kwamba kazi yako imenakiliwa mtandaoni, ujue una mwenzako.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri kama vitabuni. Catherine alimzalia watoto kumi. Mwaka wa 1858 Dickens aliachana naye, baada ya kumpenda mwigizaji kijana, Ellen Ternan, aliyekuwa na umri wa mmoja wa mabinti zake. Wanandoa huachana, hilo si geni. Lililo baya ni kwamba alitumia jarida lake mwenyewe kujisafisha mbele ya umma, huku mke akiwa hana jarida la kujibu. Mtu aliyejua kuingia ndani ya kichwa cha kila mtu alishindwa kuingia katika kile cha mama wa watoto wake. Sijui namna ya kuipamba habari hiyo, na nadhani haistahili kupambwa.

Miaka miwili kabla, alikuwa amenunua nyumba ya Gad's Hill huko Kent. Alipokuwa mdogo alipita hapo na baba yake, na mzee akamwambia kwamba akifanya bidii sana huenda siku moja akaishi humo. Katika chumba chake cha kusomea aliweka mlango uliopakwa migongo ya vitabu bandia, majina yote akiyabuni kwa utani. Kimojawapo kilikuwa Maisha ya Paka, katika juzuu tisa. Mtoto aliyebeba vitabu vya nyumbani kwenda kuviuza sasa alikuwa na vitabu vingi hadi vya mchezo.

Huko ndiko alikoandika Great Expectations, mwaka wa 1860 hadi 1861, wakati jarida lake la kila wiki lilipokuwa linapoteza wasomaji kwa sababu riwaya ya mwandishi mwingine ilikuwa imewachosha. Mwisho wa kwanza alioutunga ulikuwa wa huzuni. Rafiki yake, mwandishi Bulwer-Lytton, alimshauri aubadilishe, akaubadilisha, na wasomaji wamegombana tangu siku hiyo kuhusu upi ulikuwa bora. Mimi niko upande wa ule wa kwanza. Kama kati ya vitabu vyake vyote una nafasi ya kusoma kimoja, anza na hiki. Haki zake za kunakili ziliisha zamani, kwa hivyo unaweza kukisoma bure kwenye simu yako bila kumwibia mtu.

Juni 9, 1865 alikuwa ndani ya treni iliyoacha reli katika daraja la Staplehurst. Watu kumi walikufa. Behewa lake lilibaki likining'inia. Akatoka, akawasaidia majeruhi kwa maji aliyoyachota kwa kofia yake, na katikati ya vurugu hiyo akakumbuka kitu: mswada wa toleo jipya la Our Mutual Friend ulikuwa mfukoni mwa koti lililobaki ndani. Akapanda tena katika behewa lile akautoa.

Miaka yake ya mwisho aliimaliza jukwaani, akisoma riwaya zake mbele ya maelfu ya watu Uingereza na Marekani. Alikuwa mwigizaji wa ajabu. Aliposoma kifo cha Nancy katika Oliver Twist watu walizimia, na mapigo ya moyo wake mwenyewe yalipanda hadi daktari akawa anayapima nyuma ya pazia. Aliambiwa apumzike. Hakusikia. Mwaka wa 1869 mwili ukagoma.

Hata hivyo alianza riwaya ya 15, The Mystery of Edwin Drood, kuhusu kijana anayetoweka usiku wa mkesha wa Krismasi. Ilipangwa kuwa na matoleo 12. Juni 8, 1870 aliandika siku nzima, kinyume na desturi yake, katika kijumba cha mbao kilichokuwa bustanini. Wakati wa chakula cha jioni akaanguka. Alifariki kesho yake, Juni 9, miaka mitano kamili tangu ajali ya treni, akiwa na umri wa miaka 58. Alikuwa ametaka mazishi ya kimya huko Kent, lakini taifa likamzika Westminster Abbey, na kaburi likaachwa wazi kwa siku kadhaa watu wapite, wengi wao wakiwa na maua ya kuchuma wenyewe.

Matoleo matatu ya Edwin Drood yalikuwa yameshatoka. Mengine matatu yakachapwa Julai, Agosti na Septemba. Forster alidokeza kwamba muuaji alikuwa mjomba wa kijana, wengine wakakataa, na vitabu vimeandikwa kujaribu kuimalizia. Oktoba 1870 wasomaji waliofika dukani na shilingi zao hawakukuta toleo.